Mzuka wa Adhuhuri

Nchi ni nyingi chini ya jua, na kila nchi ina wazimu wake. Hii ninayoisimulia ina wazimu wa mtihani. Msikilizaji akiona inafanana na ya kwao, asinitwishe mimi lawama. Mimi mpitaji tu, na mpitaji husema alichokiona.

Alikuwako huko mashariki ya mbali, enzi za Uchina ya kale, mwanamke mmoja aitwaye Suyun. Aliishi na mavyaa wake, mama mzazi wa mumewe, katika kijiji cha wafuga viwavi wa hariri. Mume mwenyewe, Dehai, alikuwa msomi, maana yake hakuwa na kazi nyingine. Harusi yao ilipokuwa bado inanukia, alifunga vitabu vyake akavuka milima kwenda Utahini, nchi ambayo wasomi wote wa upande ule huenda kufanya mtihani. Alisema atarudi miforsadi, miti ya kulishia viwavi, ikichipua majani mapya. Miforsadi ikachipua, viwavi wakala wakashiba wakasokota hariri, ikapukutika, ikachipua tena, mpaka Suyun akaacha kuitazama. Wafanyabiashara waliopita walipoulizwa habari za Dehai walijibu neno moja tu: "Bado."

Suyun alimtamani mumewe. Nalisema waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na wa kumwambia. Alitamani kumsikia akikohoa chumba cha pili. Alitamani hata ule uzembe wake wa kuacha viatu mlangoni watu wajikwae. Jioni alipowalisha viwavi, alisikiliza wanavyotafuna majani, sauti kama mvua ndogo, akajiambia kwamba kule aliko mumewe huenda nako kunanyesha.

Kisha mama mkwe akaugua, na maradhi ya uzee hayana haraka lakini hayasahau njia. Siku moja akamwita Suyun kitandani.

"Mkwe wangu, nenda ukamlete mwanangu. Mwambie aje hata kama hajafaulu. Hasa kama hajafaulu."

"Mama, kwa nini hasa?"

"Aliyefaulu atakuja na farasi na wapambe, akae sebuleni kama mgeni, nami nimwogope. Mimi namtaka yule aliyekuwa akiniomba nimkune mgongo."

Safari yenyewe siisimulii. Njia ni njia, na aliyewahi kuvimba miguu anaijua. Nianzie pale Suyun alipoiona Utahini kutoka juu ya kilima.

Hakuona mashamba wala ng'ombe. Aliona vyumba, safu baada ya safu, kila chumba kina dirisha moja na mtu mmoja aliyeinama. Chakula kililetwa na jamaa za watahiniwa kutoka nje. Sokoni kuliuzwa karatasi, wino na dawa ya macho. Mtahiniwa akifaulu huvikwa joho jekundu akawa mtahini, na kazi ya mtahini ni kutunga mtihani na kuusahihisha. Kazi nyingine ya serikali haikuwapo. Suyun alimuuliza muuza wino ni nani basi anayetengeneza barabara. Yule bwana alifikiri sana, akasema swali hilo halijawahi kutoka.

Swali lililotoka lilikuwa lilelile kila mwaka, tangu babu wa mababu: Eleza wajibu wa mtu kwa watu wa nyumbani kwake. Na kwa ajili ya kulijibu, wanaume wale walikuwa wamewaacha watu wa nyumbani kwao.

Langoni alikaa Karani Fang, mtu mnene mwenye adabu nyingi.

"Bwana Karani, nimekuja kumwona mume wangu," akasema Suyun.

"Karibu sana. Umekufa?"

"Si unaniona nimesimama?"

"Kusimama si hoja, bibi. Sheria ni kwamba mke aliye hai haingii vyumbani. Mke aliye hai huuliza maswali, na maswali ni kazi ya watahini. Mzuka anaingia bila matata."

"Mzuka?"

"Mzuka wa kike, mwenye tabia njema." Karani alijiegemeza, akaonekana kulifurahia somo lake. Alimweleza kwamba zamani mzee mmoja wa Baraza alitaka mizuka nayo ipigwe marufuku, kwa kuwa inapotezea watu muda. Mwenzake akasimama akasema: tukiifukuza mizuka, upweke utawashinda hawa, watarudi makwao; wakirudi makwao hapatakuwa na wa kutahiniwa; na pasipo wa kutahiniwa, sisi ni nani? Hoja ile haijapata mjibu hadi leo, na mizuka ikaruhusiwa.

"Basi nifanyeje?"

"Ufe tu, bibi. Ni jambo dogo."

Suyun alifikiri habari ya mama kitandani. "Haya," akasema. "Nimekufa."

Upatu ukagongwa. Mpiga mbiu akatangaza kwamba Suyun, mke wa Dehai, hayupo tena duniani. Waombolezaji watatu wa serikali walitoka chumba cha nyuma wakifuta makombo mdomoni, wakalia kwa kiasi kilichoruhusiwa. Mmoja wao, mwenye huruma kuliko wenzake, alimshika Suyun mkono akasema, "Pole sana dada, kwa msiba." Suyun akajikuta amesema asante, na machozi yakamtoka ya kweli.

Tangu hapo Karani Fang hakumwona tena. Suyun alipomuuliza njia ya kwenda vyumbani, Karani aliutazama ukuta nyuma yake, akapiga miayo. Huko Utahini mfu si mtu, na asiye mtu hasalimiwi, hajibiwi, wala hapishwi njiani.

Aliyempokea alikuwa Bi Mingzhu, bibi kizee mlezi wa Nyumba ya Mizuka. Ndani mlikuwa na wanawake wa kila umri, nguo nyeupe, nyuso zimepakwa unga wa mchele. Walikuwa wakichana nywele na kupiga soga kama wanawake wa kisimani. Wote walikuwa wake za watu. Wote walikuwa wameingia kwa lango lile.

"Kaa nikufunde," Bi Mingzhu akamwambia. "Tunatoka adhuhuri, makarani wakilala. Usiulize mtihani umekwendaje. Usilete habari za nyumbani, ukileta unafukuzwa nchini. Atakuwekea bakuli la uji kwa heshima. Usiliguse, mzuka hana njaa. Usiseme jina lako. Na insha yake akikusomea, sikiliza mpaka mwisho."

"Na akiniuliza kama ni nzuri?"

"Mwanangu! Hilo ndilo analokuitia." Bi Mingzhu akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hawa waume zetu huandika hadithi za mizuka pembeni mwa vitabu vyao, umezisikia? Msomi maskini, yuko peke yake, kuna baridi, mlango unagongwa, anaingia binti mzuri aliyekufa zamani. Watu husema ni hadithi za kutisha. Mimi nimezisoma zote, sijaona cha kutisha. Binti analeta moto chumbani. Analeta chakula. Anasoma maandishi ya yule bwana, anamwambia: watahini ni vipofu, wewe ni hodari. Ukitaka kujua mwanamume amekosa nini, tazama mzuka wake anamletea nini. Na mtungaji wa kila hadithi alikuwa ameanguka mtihani. Aliyefaulu hana haja ya mzuka."

"Na mume wako, Bi Mingzhu, yuko chumba gani?"

"Yule alikufa kwelikweli, kichwa juu ya karatasi. Anaendelea na mtihani hivyohivyo. Wafu wanaruhusiwa, watahini wanasema ni wasikivu kuliko walio hai." Aliangalia unga mikononi mwake. "Nami nikabaki. Nirudi kwa nani, na nimeshaliliwa?"

Kesho yake adhuhuri, jua likiwa limesimama wima na nchi nzima imesinzia, Suyun aliingia chumbani kwa mumewe.

Dehai alikuwa amezeeka. Si uzee wa miaka. Ni ule uzee wa nguo iliyoachwa juani. Vidole vimekuwa vyeusi kwa wino hadi kwenye maungio. Moyo wa Suyun ulimwendea mbio kabla miguu haijafika, naye akaushika, akasimama pembeni ya mlango kama alivyofundwa.

"Karibu, bibi mzuka," Dehai akasema bila kuinua uso. Akamimina uji wa mchele kwenye bakuli, akauweka mbele yake, naye Suyun akauacha upoe, ingawa tumbo lilimnguruma tangu jana.

Kisha Dehai akazungumza. Alizungumza habari za mkewe. Alisema kwamba anaye mke, mbali huko, mikono yake hunukia majani ya forsadi. Kwamba akicheka hufunika mdomo, na yeye Dehai alikuwa akitafuta vichekesho usiku kucha ili amwone akifanya vile. Kwamba hakumwambia hata siku moja kwamba anampenda, kwa sababu alitaka kumwambia akiwa na joho mwilini.

Suyun alisimama palepale na unga wake usoni. Maneno yale alikuwa ameyangoja nyumbani kwa mumewe na hakuyapata. Ikabidi afe ndipo aambiwe. Alitaka kusema, ni mimi. Lakini akisema, mlango utafungwa, naye alitaka kusikia mengine kidogo. Nani wetu asingetaka?

Basi akarudi kesho, na kesho ya pili. Kila adhuhuri Dehai alimwonyesha mzuka moyo ambao hakuwahi kumwonyesha mke. Na kila alipotoka Suyun alijiapia kwamba safari ijayo ataufikisha ujumbe wa mama, na kila safari aliuahirisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, naye alilijua hilo. Lakini kuna ngoja nyingine ina utamu wake. Katika Nyumba ya Mizuka alianza kuchana nywele na wenzake na kupiga soga. Mara moja Bi Mingzhu alimwita kwa jina lake, naye alichelewa kuitika.

Siku moja alimkuta Dehai ana furaha.

"Bibi mzuka, leo nakusomea insha yangu. Ndiyo niliyoitoa mwaka huu, inasahihishwa sasa hivi. Sijaandika kitu kama hiki."

Akasoma. Ilikuwa habari ya mwana aliyechelewa. Mwana anarudi nyumbani, anakuta mlango umeegeshwa, jiko limepoa, na nyuma ya nyumba kaburi bichi la mama yake. Anapiga magoti. Anamwomba mama amkune mgongo kama zamani, na udongo haujibu. Insha ilikuwa nzuri mno. Hata mimi msimuliaji, ninayewabeza wasomi hawa, nakiri kwamba ilikuwa nzuri. Dehai aliisoma, na alipofika kaburini alilia.

Kisha akafuta macho, akauliza, "Imekugusa?"

"Mbona umemuua?" akasema Suyun.

"Nani?"

"Mama."

"Aa, ni kanuni ya uandishi, bibi. Mama aliyekufa hupata alama nyingi zaidi. Aliye hai hana..."

"Mama yako hajafa, Dehai!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata akajishangaa. "Yuko kitandani, anaugua, anakungoja! Amenituma nikuchukue. Amesema uje hata kama hujafaulu. Hasa kama hujafaulu. Anataka kukukuna mgongo, hataki insha!"

Nzi alitua ukingoni mwa bakuli. Suyun alingoja mumewe ashtuke, apige kelele kwamba mzuka amekuwa mtu. Dehai hakushtuka.

"Nilijua ni wewe," akasema taratibu. "Tangu siku ya kwanza. Mzuka hatoki jasho, Suyun. Unga wako ulikuwa unachuruzika shingoni."

"Ulijua! Ukaniacha nisimame hapa na njaa yangu?"

"Nisamehe. Ungekuwa mke wangu, ningekuwa na deni la kukueleza miaka yote hii nimefanya nini. Mzuka haulizi. Nilipata mtu wa kumwambia nilivyokukumbuka, na mtu huyo alikuwa wewe, nami sikulazimika kukutazama usoni. Nilijiona nimepata dunia mbili."

Suyun alikaa chini, sakafuni, kama mtu anayekaa kwake. Alilia, na Dehai akatoka nyuma ya meza yake, akakaa kando yake, wakalia pamoja. Mkono wa mumewe ulikuwa baridi na mgumu, lakini ulikuwa mkono wake.

"Mama anaumwa sana?" Dehai akauliza.

"Sana."

"Anaweza kula?"

"Uji. Kidogo."

Dehai akainuka. Akachukua blanketi lake, akaanza kulikunja. Alilikunja vibaya, kama alivyokuwa akifanya nyumbani, na Suyun alipoona vile akacheka, akafunika mdomo. Dehai alisimama kumtazama. Kwa muda ule mfupi walikuwa wamekwisha kufika kwao, wote wawili, na viatu viko mlangoni.

Ndipo upatu ulipolia nje; makarani walikuwa wamekwisha kuamka. Ukaja, ukakaribia, ukasimama mlangoni pao. Wakaingia wajumbe wa Baraza, na Karani Fang mbele yao, amebeba joho jekundu juu ya mikono yote miwili.

"Dehai, mwana wa wafuga viwavi," akasema Karani, "umekuwa wa kwanza nchi nzima. Watahini walipofika penye kaburi hawakuweza kuendelea kusoma kwa machozi. Insha itabandikwa kwenye ukuta wa Baraza, watoto waikariri."

Blanketi lilimponyoka Dehai.

Sasa, kuna desturi moja Utahini. Kabla ya kumvika mtu joho, wajumbe humuuliza swali la mwisho, kwa kuwa mtihani uliofanywa huku mwenzi aliye hai yumo chumbani ni batili. Akijibu kwamba mtu yupo, matokeo yanafutwa, naye anasindikizwa hadi langoni siku hiyohiyo, aende zake kwao. Akijibu hakuna, anavikwa joho na kupelekwa Nyumba ya Watahini, ambako haingii mke wala mzuka, asije akashawishiwa katika kutoa alama.

Karani Fang akakohoa, akauliza kwa sauti ya kazi: "Kuna mtu chumbani humu?"

Neno moja tu lilitakiwa. Suyun angeweza kupiga kelele mpaka kesho, Karani asingemsikia. Aliyepaswa kumwona ni mtu mmoja tu. Dehai alimtazama, akamtazama vizuri, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu aje. Kisha macho yake yakaenda kwenye joho. Lilikuwa zuri, jamani, tusiseme uongo. Lilikuwa na nyuzi za dhahabu kwenye kola, na alikuwa ameliota tangu utoto, na kabla yake baba yake aliliota akafa nalo ndotoni.

"Hakuna mtu," akasema Dehai.

Alisema kwa upole. Machozi yalikuwa yakimshuka, na wajumbe wakadhani ni furaha, wakampongeza.

Suyun akavuta bakuli la uji. Akaunywa uji palepale mbele yao, kwa sauti, mpaka chini, akajifuta unga usoni kwa kiganja. Karani Fang aliona bakuli likiinuka na kushuka. Alifungua mdomo, akakumbuka jibu la mtahini mpya, akaufunga. Suyun akapita katikati yao. Hakuna aliyempisha, ikambidi awasukume.

Bi Mingzhu alimngoja njiani. "Baki nasi," akasema. "Kuna watahiniwa wengi hawana wake. Watakusomea insha."

"Bi Mingzhu, twende wote. Kwetu kuna kazi ya kuchuma majani."

Bi kizee alilitazama lango kwa muda mrefu. "Adhuhuri ya kesho haiko mbali," akasema, akarudi ndani kuandaa unga.

Suyun alifika kijijini akamkuta mama mkwe bado yu hai, mwepesi kama ganda. Alimkalisha, akampangusa uso, akamlisha.

"Umemwona?" mama akauliza.

"Nimemwona, mama."

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Haji?"

Suyun alitafuta njia ya kuzunguka, hakuiona. "Amefaulu, mama. Wa kwanza nchi nzima."

Mama alikuwa ameuza bangili zake za harusi kwa ajili ya kusikia maneno hayo. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mkwewe. Kisha akazifungua nywele zake nyeupe, akaziacha zianguke mabegani kama afanyavyo mfiwa, akamwambia Suyun atandike mkeka uani na kuwaita majirani.

"Niwaambieje, mama?"

"Wape kwanza habari njema," akasema. "Halafu waambie tunakaa matanga."